Kamera na Kiitikio: Juu ya Filamu za Waimbaji wa Mwanzo

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, 1929, huko New York, mwimbaji mweusi wa Marekani, Bessie Smith, aliimba mbele ya kamera katika filamu fupi ya dakika kama 16 iitwayo St. Louis Blues. Wote wawili walitoka tabaka la chini. Siti alikuwa mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu. Bessie alikuwa mtoto wa Chattanooga aliyeimba barabarani apate senti. Wote wawili sauti zao zilifanywa bidhaa. Santuri ilihifadhi sauti peke yake. Kamera ilichukua sauti pamoja na mwili. Swali letu ni hili: huo mwili ulichukuliwa kwa faida ya hadithi ya nani?

Hatuna budi kuieleza filamu yenyewe, maana wengi wetu tumeisikia tu. Bessie anamkuta bwana wake, Jimmy, na mwanamke mwingine. Anamfukuza yule mwanamke, lakini Jimmy anamwangusha yeye na kwenda zake. Bessie anaanza kuimba akiwa chini sakafuni. Kisha tunamwona baa, ameegemea kaunta, bado anaimba. Jimmy anarudi, anacheza naye kwa mapenzi ya uongo, anamwibia fedha alizozificha katika soksi, anamsukuma, anaondoka. Anayecheza kama Jimmy ni Jimmy Mordecai, mchezaji stadi kweli kweli, na ustadi wa miguu yake umetumiwa kuonyesha wizi.

Hadithi hii ni ya dharau, na tuseme hivyo bila kumung'unya maneno. Bessie wa kweli alikuwa kiongozi wa kundi lake, akisafiri kwa behewa lake mwenyewe la treni ili kuepuka hoteli zilizowafungia watu weusi milango. Mwanamke huyo hayumo katika filamu. Mwongozaji, Dudley Murphy, ambaye ni Mzungu, ametupa mwanamke anayegaagaa.

Hata hivyo ndani ya filamu hiyo hiyo umo mkinzano ambao mhakiki akiupuuza atakuwa amesoma nusu. Pale baa Bessie haimbi peke yake. Wateja waliokaa mezani wanamwitikia. Ni kwaya ya Hall Johnson, na bendi ya jazi iko nyuma yao, James P. Johnson akiwa kwenye piano. Bessie anatoa ubeti, baa nzima inaupokea na kumrudishia. Hadithi inasema amebaki mpweke. Muziki unasema ana umma. Kwa maoni yetu muziki ndio unaoshinda, kwa sababu kamera ilikubali kuwaonyesha wanaojibu.

Jambo hili Mzanzibari hahitaji kufundishwa. Katika taarab msikilizaji si mtazamaji tu. Ubeti ukimgusa, au ukimpiga jirani yake, anainuka, anacheza mpaka mbele, anamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ujumbe umekwenda kwa nani. Fikirini wimbo wa Kijiti wa kundi la Siti: mwuaji alitoroka, na waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama ya kikoloni. Huko Ng'ambo wimbo ule ulikuwa rufaa iliyosikilizwa na watu wenyewe. Upande mmoja wa santuri, dakika tatu tu, haukuweza kubeba macho yaliyoangaliana wakati wa kuimbwa.

Kamera iliyomfuata mmoja wa warithi wa Siti, Bi Kidude, ilitupa filamu ya Andy Jones, As Old As My Tongue, mwaka 2006, baada ya bibi huyo kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Filamu hii imetengenezwa kwa mapenzi, na haina dharau ya 1929. Bi Kidude anavuta sigara, anacheka, anasafiri, anatawala kila chumba anachoingia. Lakini ni picha ya mtu mmoja, na soko la nchi za nje lilipenda zaidi umri wake kuliko ufundi wake. Sisi tungependa kuona zaidi mikono ya mpiga fidla, na nyuso za kina mama wanaosikiliza. (Tunawaachia wanafunzi kazi hii: waiangalie na saa mkononi, wahesabu wanaoitikia wanaonekana kwa muda gani.)

Hata hivyo, kuna mahali ambapo lawama yetu inafika ukingoni. Bi Kidude alikuwa pia mpiga ngoma ya unyago, nayo ni skuli ya wanawake, mwanamume haingii. Ngoma ile ndefu aliyoifunga kiunoni na kuipiga amesimama imeonekana majukwaani duniani kote, lakini mafunzo yanayokwenda nayo hayakuonekana, na hayakupaswa kuonekana. Bessie hakuwa na mlango wa kuifungia kamera ya Murphy. Kina mama wa unyago wanao, na wao ndio walioamua kipi kitoke nje na kipi kibaki ndani.