Pikapu ya Gitaa Ipimwe kwa Nyuzi Mbili

Mpiga solo akiniletea gitaa nimbadilishie pikapu, kwanza namwomba apige uzi wa kwanza na wa tatu kwa pamoja, zile sauti mbili zinazopanda na kushuka sambamba ambazo kila mpigaji wa dansi anazo vidoleni. Amplifaya iwe safi, bila mkwaruzo. Nikisikia sauti mbili, kila moja ikienda na njia yake, naanza kutilia shaka kama pikapu ndiyo yenye kosa. Nikisikia bonge moja tu, nachukua bisibisi.

Naanzia hapo kwa sababu muziki wetu umejengwa juu ya magitaa yanayopokezana. Solo, second solo, rithim na besi, kila moja lina nafasi yake, na hakuna linaloruhusiwa kujaa nyumba nzima. Sikiliza solo la Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz: kila noti inaanza na kuisha, hata vyombo vya kupuliza vikiwa juu yake. Pikapu nzuri kwa kazi hiyo ni ile inayotoa noti zenye ncha. Lakini dukani swali la kwanza ni "ina omu ngapi?", na mnunuzi anaondoka na ile yenye namba kubwa.

Nami nilinunua hivyo. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, yenye sumaku ya feraiti; mita ikasoma omu 16,000, na chumbani ilinguruma nikafurahi. Jukwaani solo langu likazama. Nikaongeza sauti, likawa linamfunika mwimbaji na bado halisikiki. Ilinichukua muda kuelewa sababu. Waya wa koili ukizungushwa mara nyingi zaidi, omu zinapanda na umeme unaotoka unaongezeka kweli, lakini sauti kali za juu zinapungua, na hizo ndizo zinazoipa noti ncha yake. Nilikuwa nimelipia nguvu kwa kuuza uwazi.

Namba ya omu ina kazi yake, ila ni ndogo. Pikapu ya kawaida ya Stratocaster husoma karibu omu 6,000. Hambaka za mwanzo za Gibson, alizozibuni Seth Lover mwaka 1955, nyingi huangukia kati ya 7,500 na 8,500, na hadi leo watu wanaziiga. Waya wa hambaka hizo ni wa shaba wenye unene wa milimita 0.063 hivi, kama unywele. Fundi akitumia waya mwembamba zaidi, omu zinapanda hata kama mizunguko ni ile ile. Tena shaba hubadilika na joto: koili inayosoma 8,000 kwenye chumba cha nyuzijoto 20 itasoma karibu 8,400 mchana wa nyuzijoto 32 hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo usigombane na muuzaji kwa tofauti ya mia tatu. Kama karatasi ya pikapu inataja henri, kipimo cha induktansi ya koili, soma hiyo kwanza. Inakaribia zaidi kile sikio litakachosikia. Mbili na kitu ni sauti angavu, nne na kitu ni hambaka ya kale, nane ni ya watu wa roki nzito.

Kuhusu sumaku, alniko 5 hutoa noti imara yenye kung'aa, nami ndiyo ninayompendekezea mpiga solo. Alniko 2 ina mvuto mdogo, noti inaingia taratibu, na wapiga rithim wengi huipenda wakishaionja. Feraiti nayo isitukanwe. Kosa la ile hambaka yangu lilikuwa waya mwingi mno.

Pikapu ya koili moja ina mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kumbi nyingi zina taa za mirija zinazozidisha kelele. Hambaka huuua mvumo huo kwa koili mbili zilizopangwa kinyume. Mimi bado ningechagua koili moja kwa solo na kuvumilia, lakini anayepiga karibu na jenereta simlaumu akikataa.

Ukinunua iliyotumika, iangalie kwenye mwanga. Pwani hewa ya chumvi inakula vyuma, na katika pikapu za koili moja ambazo waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, kutu ya sumaku hufika kwenye waya na kuukata. Ukiona vichwa vya sumaku vimevimba kwa kutu, na mita haisomi kitu, hiyo ni kazi ya kusuka koili upya. Ikishaunganishwa na amplifaya, igonge kidogo kwa ukucha. Mlio hafifu ni sawa. Ikisikika kama maikrofoni, nta haikuingia vizuri kwenye koili na itapiga filimbi ukifungua sauti.

Kuna jaribio moja ambalo mafundi wengi wanaliruka. Unganisha mita ya mshale kwenye pikapu, gusisha bisibisi ya chuma kwenye vichwa vya sumaku, kisha uibandue ghafla. Mshale unaruka. Fanya hivyo hivyo kwa pikapu inayobaki kwenye gitaa. Zikiruka pande tofauti, ukizitumia pamoja sauti itakuwa nyembamba ya puani. Geuza waya mbili za mojawapo, mradi ganda lake la chuma halijaunganishwa na waya mmojawapo. Pima pia upana: vichwa vikae chini ya nyuzi, kwani karibu na daraja nyuzi zimeachana zaidi.

Na kabla hujalipa chochote, bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, shusha pikapu uliyonayo hadi ibaki nafasi ya milimita 2 au 3, upige tena uzi wa kwanza na wa tatu. Wapo niliowarudisha nyumbani na pikapu yao ile ile baada ya mizunguko minne ya skrubu. Ikibidi kubadilisha, ile ya zamani ifunge kwenye karatasi, uandike juu yake rangi za waya na kila mmoja ulilehemiwa wapi, uitie kwenye begi la gitaa.