Silinda isiyo na mgongo

Bandugu, wengi wetu tulichukua OpenFOAM juu ni programu ya bure, na tulipitia lile zoezi lake la kuhesabu mtiririko kuzunguka silinda. Mimi nililirudilia wiki hii. Niko agronome, si injinia, nikikosea, munisahihishe.

Kwa kazi yake, zoezi ni zuri. Linafundisha kupanga wavu kuzunguka kitu cha mviringo, kisha kulinganisha hesabu ya kompyuta na ile ya karatasi. Majibu yanakubaliana. Lakini muangalie nyuma ya silinda: mistari inajifunga vizuri, sawa vile mbele, kama upepo haukukuta kitu. Ni juu hewa ya zoezi haina mnato. D'Alembert aliona ajabu hiyo tangu 1752: kwa hesabu ya namna ile, upepo hausukumi silinda hata kidogo. Mwongozo haufichi kitu. Sisi njo tunakamata picha ile na kuandika chini yake «upepo kwenye shemine».

Kwetu Lubumbashi shemine iko: ile ya Gécamines, metre 153. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba 1911, wakati wa Union Minière. Mwaka uleule von Kármán alieleza mizunguko inayozaliwa nyuma ya silinda, mmoja kushoto, mmoja kuume. Upepo ukiwa mkali na moshi ukitoka polepole, mizunguko ile inaweza kuvuta moshi chini. Mbali zaidi, upepo wa kusini-mashariki ulipeleka vumbi kaskazini-magharibi, mpaka Penga-Penga. Udongo wa kule umejaa shaba, zinki, kobalti na kadmi. Watafiti wa agronomia wa UNILU walijaribu huko majani ya Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mboji, ili udongo ufunikwe tena.

Basi upande ambao zoezi linauonyesha mtulivu, kwetu njo upande wenye watu na lengalenga yao.

Sisemi tulitupe. Tuende hatua ya pili: mnato urudishwe, saa iachwe itembee, upepo wa hapa upimwe na uingizwe. Hata hapo simulasio haitajua ni nini kilishuka udongoni miaka yote ile. Hiyo ni kazi ya jembe na maabara. Mwenye kompyuta ya nguvu aniandikie. Udongo nitachimba mimi.