Ustadi wa Kuficha Masafa: QuakeWorld na Seva ya Nyumbani

Yeyote aliyepata kuwasha seva nyumbani mwake, akawaalika ndugu na majirani waingie katika mchezo mmoja jioni baada ya kazi, amefaidi matunda ya hikima iliyobuniwa mwaka 1996 huko Mesquite, Texas, katika ofisi za kampuni ya id Software. Na kwa kuwa hikima hiyo hufanya kazi bila ya kuonekana, aghalabu hutumika bila ya kushukuriwa. Yastahili kuelezwa kwa tafsili, maana katika programu nilizopata kuzisoma sijaona iliyo na insafu kama yake.

Kabla ya hapo palikuwa na Doom, mchezo wa mwaka 1993. Humo kila kompyuta ilizipelekea nyingine amri za mchezaji wake, wala hapana iliyopiga hatua mpaka amri za wote zimewasili. Kwa hiyo mwenye waya mbovu aliwachelewesha wote, na aliyekosa mwanzo hakuweza kuingia kati. Quake, uliotoka Juni 1996, uliibatilisha kanuni hiyo: kompyuta moja ilipewa madaraka ya hakimu, nayo ndiyo seva, nyingine zilimpelekea hakimu huyo habari za vitufe vilivyobonyezwa, kisha zikangoja hukumu ya mahali kila mtu aliposimama. Utaratibu ule ulikuwa wa adili, walakini ulikuwa na nakisi kubwa. Mchezaji aliyebonyeza kitufe cha kwenda mbele hakujiona akienda mpaka habari isafiri, ihukumiwe na irejee. Katika mtandao wa ofisini safari hiyo haikuhisiwa. Kwa mtu wa nyumbani mwenye modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, ilichukua robo ya sekunde au zaidi, muda uliotosha mtu kuuawa kabla hajageuka. John Carmack, mtungaji mkuu wa programu ile, alikiri hadharani Agosti mwaka ule ule kuwa mpango wake ulikusudia mawasiliano yasiyofika milisekunde 200, ilhali wachezaji wengi walikuwa na mabovu kuliko hayo. Na Desemba ikatoka QuakeWorld, toleo la Quake lililoitibu nakisi hiyo.

Muradi wake ni huu. Kompyuta ya mchezaji ilipewa nakala ya sheria zile zile za mwendo alizo nazo hakimu: kasi ya kukimbia, uzito wa kuanguka, ugumu wa kuta. Kitufe kikibonyezwa, haingoji idhini. Humsogeza mchezaji papo hapo, na wakati huo huo huipeleka amri kwa seva ikiwa na nambari yake, na kubaki na nakala. Tuseme amri 50 zimekwisha kutolewa, na jawabu la seva linasema: nimeipokea ya 40, nawe ulikuwa mahali fulani. Kompyuta hushika mahali hapo kuwa ndipo pa yakini, kisha huzitekeleza upya amri za 41 mpaka 50 kuanzia hapo, zote katika kufumba na kufumbua. Ikiwa hapana jambo lililotokea kati, hesabu hulingana na alichokwisha kukiona mchezaji, wala jicho halitambui kitu; ikiwa kombora la adui lilimsukuma kando, hesabu huhitilafiana, na hukumu ya seva ndiyo inayosimama. Hapa ndipo penye uzuri unaonivutia kila niurejeapo msimbo wake, ambao uliachiwa umma Desemba 1999: mchezaji hupewa uhuru wa kutenda bila ya kungoja, na hakimu hapunguziwi hata chembe ya madaraka.

Lakini ubashiri huo una mpaka. Kompyuta yaweza kubashiri miguu ya mwenyewe, kwa kuwa inazijua amri zake. Nia ya adui haiijui. Basi adui huonekana alipokuwa, si alipo, na mpigaji alilazimika kulenga mbele yake. Half-Life, mchezo wa mwaka 1998 uliojengwa juu ya Quake, baadaye ukapewa dawa nyingine: seva hurudi nyuma kidogo katika kumbukumbu zake, ikaangalia adui alikuwa wapi machoni mwa mpigaji alipofyatua. Dawa hiyo ilimfaa mpigaji, ikamdhulumu aliyekwisha kujificha nyuma ya ukuta akajikuta ameuawa.

Hila hizi zote huyaficha masafa, haziyaondoi; ndiyo sababu naipenda seva ya nyumbani. Nuru katika nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na hapana programu itakayoiongezea mwendo. Mchezaji wa Dar es Salaam aliyeunganishwa na seva ya Ulaya hupoteza zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Kikompyuta cha Raspberry Pi kilichowekwa sebuleni, kilacho wati chache tu, huwahudumia waliomo nyumbani kwa milisekunde chache. Shida huanza rafiki wa mtaa wa pili atakapo kuingia, maana kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mgeni wa nje hapati mlango wa kubisha. Wengi hukodi mashine ya mbali iwe kituo cha kupitishia. Ikiwa iko Frankfurt, pakiti ya rafiki huenda Ujerumani na kurudi ili iingie nyumba ya jirani, na jawabu hupita njia ile ile: safari mbili kamili, yaani hali mbaya kuliko kama seva yenyewe ingalikuwa Frankfurt. Kituo hicho sharti kiwe Dar es Salaam, au ikizidi sana Nairobi, hata kikiwa ghali zaidi.

Aidha, kisanduku hicho hicho aghalabu ndicho kitunzacho picha za jamaa, na nakala zake zikipelekwa nje jioni hujaza njia ya kupakia, pakiti za mchezo zikapanga foleni nyuma yake. Zangu nimezipangia saa nane ya usiku, na kikomo cha kasi juu yake.