Chumba cha Giza Ukingoni mwa Rufiji

Chumba cha giza ni chumba chochote kisichopenywa na mwanga, chenye maji ya kutosha, meza imara na mtu asiye na haraka. Humo filamu iliyotoka kwenye kamera husafishwa ikawa negativu, na negativu ikatoa picha juu ya karatasi. Kwa zaidi ya miaka mia moja karibu kila picha iliyofika mkononi mwa mtu ilipitia chumba cha namna hiyo, na kikubwa chake hakikuwa mashine, kilikuwa mkono na saa.

Mloka, kijiji cha ukingo wa kaskazini wa mto Rufiji, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ni mahali panapokistahili chumba hicho kuliko inavyodhaniwa. Kila msimu kamera za wageni hupita katika ile barabara ya vumbi itokayo Kibiti. Tembo, viboko na mbwa mwitu wa bonde hilo wamepigwa picha zisizo na idadi, na picha zote huondoka na wenyewe. Za wanakijiji hubaki ndani ya simu. Simu ikitumbukia mtoni au ikifa moja kwa moja, harusi, hitma na sura za wazee waliotangulia hufa nayo. Hivyo kijiji kinaweza kupigwa picha kila siku na kisiwe na picha hata moja. Uwezo wa kuitengeneza picha mwanzo hadi mwisho, bila kumtegemea mtu wa mbali, ndio uliopotea, na unaweza kurudishwa ndani ya chumba kimoja cha udongo.

Pwani iliujua ufundi huu mapema. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes, Mgoa, tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo ilipiga picha watawala na wabeba mizigo kwa uangalifu uleule. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akabuni picha za kuunganisha ambamo sura ya mteja ilikaa mahali ambapo kamera peke yake isingeweza kuiweka. Dar es Salaam ndiko Mohamed Amin alikoanzisha Camerapix mwaka 1963. Delta ya Rufiji yenyewe iliingia katika historia ya picha kwa njia ya vita: mwaka 1915 ndege za Uingereza ziliipiga picha meli ya Wajerumani SMS Königsberg iliyojificha katika matawi ya mto, kabla haijazama tarehe 11 Julai. Kisha zikaja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja, na baada yake kamera zisizotumia filamu. Mwaka 2005 Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Chumba cha giza kikageuzwa stoo.

Kilichoondoka huonekana vizuri zaidi katika picha moja ndogo ya zamani ya bibi arusi, ya aina inayotunzwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, katikati ya vyeti na hati ya shamba. Kingo zake ni nyeupe, zimekatwa meno meno. Nyuma kuna muhuri wa studio uliofifia, na tarehe kwa wino wa buluu. Ukiipeleka dirishani na kuiinamisha, mng'ao wake huonyesha vidoa vidogo vilivyopakwa kwa brashi ya unywele mmoja: hapo vumbi lilikaa juu ya negativu likaacha tundu jeupe, na fundi akaliziba kwa wino, nukta kwa nukta, hadi jicho lisilijue. Chunusi ya shavuni nayo ilipunguzwa kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, juu ya negativu yenyewe, yenye upana usiozidi vidole vitatu. Bibi arusi aliyeipokea picha ile hakuambiwa lolote kuhusu kazi hiyo. Aliona tu kwamba amependeza.

Uangalifu huo ulianza kabla ya chumba cha giza. Filamu ya kamera kubwa ilitoa picha 12, ile ndogo 36, na kila moja ilikuwa na bei. Kwa hiyo mpiga picha alinyoosha kola, akasogeza kiti, akamngoja mtoto anyamaze. Siku hizi picha mia hupigwa kwa pumzi moja na hakuna anayerudi kuziangalia. Ni hasara, hata kama hazigharimu senti.

Kazi ya kwanza katika kukiandaa chumba ni giza lenyewe. Nyumba ya miti na udongo ina kuta nzuri kwa kazi hii, kwa kuwa udongo mnene hauna ufa ukikandikwa upya. Tatizo liko juu: kati ya ukuta na paa huachwa uwazi wa hewa, makuti hupitisha mwanga, na bati lina matundu ya misumari ambayo mchana hung'aa kama nyota. Matundu huzibwa kwa lami, na chini ya paa hutandikwa nailoni nyeusi mara mbili, ikashushwa ukutani. Mlango hupewa mapazia mawili ya blanketi yaliyoachana hatua moja. Mkeka wa ukindu, ambao Rufiji inausuka kwa sifa, haufai hapa, kwa sababu mwanga hupita katika kila mshono. Mtu huketi ndani dakika 10 bila kuwasha chochote, macho yakazoea; akiuona mkono wake, chumba bado. Wengi hufanya kazi usiku na kuepuka usiku wa mbalamwezi, jambo linalosaidia pia dhidi ya joto.

Filamu hutaka giza totoro. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huvumilia mwanga mwekundu, na zamani fanusi ya mafuta ya taa yenye kioo chekundu ilitosha. Leo taa ndogo nyekundu inayotumia betri ya sola hufanya kazi hiyo bila moshi. Hujaribiwa kwa sarafu: karatasi mbichi huwekwa mezani, sarafu juu yake, taa ikaachwa dakika 5, kisha karatasi ikasafishwa. Ukionekana mduara mweupe katikati ya kijivu, taa si salama na isogezwe mbali.

Kisha maji, na hapa ndipo Mloka inapodai maarifa yake. Karibu kila kitabu cha ufundi huu huanza na nyuzi 20 za Selsiasi, joto la nchi za baridi. Bondeni, miezi ya kaskazi, maji yaliyokaa ndooni hupita nyuzi 28 kwa urahisi. Katika joto hilo dawa ya kusafishia hukimbia, na utando wa jelatini unaobeba picha hulainika, ukavimba, ukaweza kuchubuka kwa ukucha. Wapiga picha wa nchi za joto waliongeza sodiamu salfeti kwenye dawa ili jelatini isivimbe. Lakini dawa ya kwanza ya tatizo hili iko katika kila nyumba: mtungi. Maji yanayotoka polepole katika ngozi ya udongo hufuka na kuondoka na joto, na yanayobaki ndani hupoa nyuzi kadhaa chini ya hewa. Chupa za dawa zikizamishwa mtungini tangu magharibi, usiku wa manane ziko tayari. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, mtungi hupooza kidogo tu. Wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, hufanya kazi vizuri kabisa, na huo ndio msimu wa kusafisha filamu Rufiji.

Maji ya mto huja na tope. Akina mama wa pwani wamekuwa wakiyatuliza kwa shabu tangu zamani: kipande huzungushwa ndooni, tope likajikusanya na kushuka. Shabu hiyohiyo ni kiungo cha ufundi wa picha, kwa kuwa hukaza jelatini. Katika fiksa (dawa ya kuidumisha picha) ya kukaza ya kawaida huwekwa kama gramu 15 kwa lita, pamoja na asidi ya siki na sodiamu salfaiti, maana bila salfaiti hiyo fiksa huharibika na kutoa unga wa salfa. Maji yaliyotulizwa kwa shabu yanafaa kuoshea. Ya kuchanganyia dawa ya kusafishia ni heri yawe ya mvua, yaliyokingwa batini baada ya manyunyu ya kwanza kuosha vumbi, kisha yakachujwa kwa kitambaa.

Dawa ya kusafishia iliyozoeleka kuliko zote ni D-76, ya Kodak, ya miaka ya 1920, na fomula yake si siri: kwa lita moja, metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Metoli huyeyushwa kwanza, kwa sababu ikikuta salfaiti nyingi majini hukataa kuyeyuka. Dawa ikizimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, muda hurefuka, na katika joto la bondeni ni neema: filamu iliyohitaji kama dakika 11 kwenye nyuzi 20 itahitaji kama 6 au 7 kwenye nyuzi 26. Muda ukishuka chini ya dakika 5, picha hutoka na mabaka.

Filamu huviringishwa gizani kwenye kibiringo cha tangi lisilopenywa na mwanga, kwa vidole pekee. Anayeanza hujifunza mchana na filamu iliyoharibika, hadi vidole vijue. Tangi likifungwa, taa inaweza kuwashwa. Dawa humiminwa, tangi likapinduliwa kwa utulivu mara chache kila dakika, kisha maji yenye siki kidogo husimamisha kazi, kisha fiksa. Muda wa fiksa haukisiwi. Kipande cha filamu hudondoshwa ndani yake mwangani na kuangaliwa: muda uliohitajika hadi kikawa angavu huzidishwa kwa mbili. Vitu vyote, pamoja na maji ya kuoshea, viwe na joto moja, maana kutoka moto kwenda baridi ghafla hukunjisha jelatini.

Kutoa picha hakuhitaji mashine ya kukuzia siku ya kwanza. Negativu ya kamera kubwa hulazwa juu ya karatasi, kioo kizito kikakandamiza, taa ikawashwa sekunde chache. Picha hutoka ndogo kama negativu yenyewe, na hakuna iliyo kali kuliko hiyo. Mashine ya kukuzia ikipatikana, taa yake ibadilishwe kwa ile inayokula umeme kidogo, sola iweze kuibeba. Kila picha huanza na ukanda wa majaribio, karatasi nyembamba iliyofunuliwa hatua kwa hatua, ili fundi aone sekunde ngapi zinatosha. Uso mweusi karibu na kanzu nyeupe hudai zaidi: negativu ya uso ni nyepesi na hupitisha mwanga mwingi, basi kiganja au kipande cha kadi kwenye waya hupita juu ya uso kuupunguzia, kikichezeshwa muda wote usibaki mpaka. Hapo ndipo fundi aliyeijua sura ya mteja wake alipotofautiana na mashine iliyopimwa kwa ngozi za watu wengine.

Kuosha ndiko kunakoamua picha itaishi miaka mingapi. Fiksa ikibaki, picha huwa ya manjano na kufifia. Vitabu husema maji yatiririke nusu saa, lakini maji yaliyochotwa mtoni penye mamba hayatiririshwi ovyo. Kwa filamu kuna njia ya Ilford: tangi hujazwa na kupinduliwa mara 5, likamwagwa, likajazwa tena, mara 10, tena, mara 20. Maji ya mwisho hupewa tone moja la sabuni ya vyombo yasiache madoa, na filamu ikaning'inizwa kwa vibanio mahali pasipo na upepo wa vumbi. Fiksa iliyotumika imebeba madini ya fedha, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini, na haimwagwi mtoni. Stilwaya ya kusugulia masufuria ikiachwa ndani yake siku kadhaa, fedha huganda ikashuka chini.

Mwisho ni kutunza, jambo gumu kuliko yote katika unyevu wa bonde. Kuvu hula jelatini, na mende vilevile. Negativu hukatwa vipande vya picha sita sita, zikawekwa katika bahasha kavu zilizoandikwa jina, mahali na mwaka, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, juu ya usawa ambao maji yalifika Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Picha ya kusafishwa kwa mikono ikiloa haijapotea. Isiachwe ikauke imebanana na nyenzake. Ibaki katika maji safi hadi itenganishwe taratibu, kisha ianikwe uso ukitazama juu. Nyingi zinazochapwa leo kwa wino madukani hazina bahati hiyo, wino huondoka na maji. Na hata karatasi ikioza, negativu hutoa nyingine. Familia ya Oza ilizitunza zake, ndiyo maana Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi bado inaonekana katika kuta za studio ile. Studio ndogo za miji ya bara hazikupata mtunzaji wa namna hiyo kwa wingi. Mwenye duka alipofariki au pango lilipomshinda, masanduku ya negativu yalitolewa nje pamoja na viti na mapazia ya mandhari, na sura za wateja wa miaka arobaini zikaenda jalalani.