Mbiu Isiyolia Ovyo

Kengele ya kwanza niliyoiona ikizibwa mdomo ilizibwa kwa plasta ya kidonda. Ilikuwa ya jokofu la chanjo, katika kituo nisichokitaja, na aliyeibandika plasta ile hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa muuguzi mwenye foleni ya kina mama iliyofika nje ya baraza. Jokofu la chanjo linatakiwa likae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na lile lilikuwa limepangwa lipige kelele papo hapo joto likigusa 8. Ukifungua mlango utoe kichupa kimoja, linalia. Ukifunga, bado linalia. Kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limekwisha kulia mpaka watu wameacha kugeuka, na muda wote huo chanjo zilikuwa salama salimini. Fundi alipoitwa hakugusa mota wala gesi. Aliingia kwenye mipangilio akaiagiza kengele isubiri dakika chache kwanza, mlango ufungwe, ubaridi urudi, ndipo iseme kama ina la kusema. Akabandua plasta, akanawa mikono, akauliza kama kuna chai.

Sikujua siku ile kwamba nami ningekuja kuishi kwa kazi kama yake, ila kwa upande wa fedha.

Anayepita Korogwe kwa basi la Arusha hukumbuka daraja la mto Pangani na chakula alichonunua dirishani. Wachache hujua kwamba pale Magunga, jirani na hospitali, kuna maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kwamba kati ya 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459. Mwenzake hapa Tanzania alikuwa Bagamoyo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Mimi sikuwemo katika kazi ile. Miradi yangu imekuwa midogo, ya vijiji vya Korogwe na Handeni. Lakini kila nikiisoma hesabu hiyo ya watoto, macho yangu ya uhasibu huona kitu kingine nyuma yake: magari, lita za mafuta, nauli za kina mama, glovu, barafu, vocha. Mtu fulani alikaa mahali fulani akahakikisha hakuna kimojawapo kinachokwisha kabla ya mtoto wa mwisho kufuatiliwa. Watu hao hawaandikwi. Basi leo niwaandike, hasa wale wenye ufundi mmoja mdogo usio na sifa: kupanga kanuni za tahadhari ndani ya programu ya gharama za mradi.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe inaelezeka upesi. Programu inashika hesabu tatu kwa kila kasma, yaani kila kifungu cha bajeti: bajeti, yaani ulichopewa, matumizi, yaani kilichokwisha toka, na ahadi, yaani hati za kuagiza bidhaa (LPO) ulizosaini lakini bidhaa haijafika. Unaiambia programu: jambo fulani likitokea, mjulishe mtu fulani, kwa njia fulani. Basi. Mtoto wa kidato cha nne anaweza kupanga kanuni kumi kwa mchana mmoja, na nimewahi kukuta mradi ambao mtu alifanya hivyo hivyo. Kila kasma ikivuka asilimia 80, barua pepe kwa watu wote. Mratibu alikuwa amefungua folda maalumu ya barua hizo, zinaingia zenyewe humo bila yeye kuziona. Plasta ile ile.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo watu huitaja kwa upande mmoja tu, upande wa kuitika. Mimi naisoma kwa upande wa mpiga mbiu. Watu wanaacha majembe shambani kwa sababu jana na juzi mbiu ilikaa kimya. Akiipiga kila jioni kwa sababu tu anayo, siku ya jambo lenyewe atajipigia peke yake.

Kanuni yangu ya kwanza ya mafuta ilikuwa ya mpiga mbiu mbaya. Niligawa bajeti ya mwaka kwa 12, kila mwezi fungu sawa, na mwezi ukizidi fungu lake ujumbe unatoka. Machi ikapita. Aprili ukatoka. Mei ukatoka tena. Nikamwita dereva wetu, mzee aliyezijua njia za Handeni tangu zikiwa vumbi tupu, nikamwonyesha mchoro kwenye kioo. Aliutazama kwa adabu, kisha akauliza, “Kaka, hiyo kompyuta yako inaijua masika?”

Haikuijua. Kati ya Machi na Mei barabara kuu ya lami hupitika kama kawaida, ila vijiji vyetu havipo kwenye lami. Ukiiacha barabara kwenda Kwamsisi udongo unashika tairi kama ulezi unavyoshika mwiko. Gari linapanda gia ndogo kutwa nzima, linazunguka kukwepa korongo, mara linanasa na trekta la kulivuta lina bei yake. Huo haukuwa wizi wala uzembe, na mfadhili alistahili kuelezwa hivyo mapema badala ya kushtushwa mara mbili. Nilikaa na mzee yule jioni mbili, daftari lake la safari mkononi, tukaigawa upya bajeti ya mafuta kwa majira: masika fungu nene, kiangazi jembamba, vuli katikati. Kisha nikafanya jambo ambalo sasa sipangi kanuni bila kulifanya: nikachukua hesabu za miaka miwili iliyopita nikazipitisha kwenye kanuni mpya, nione ingelia lini na lini. Ililia mara tatu. Mbili kati ya hizo, mzee alizikumbuka pasipo kufungua daftari.

Kanuni yenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, ilisomeka hivi: ikiwa matumizi na ahadi za kasma ya mafuta kwa pamoja yamevuka asilimia 85 ya fungu la robo, na robo imebakiza zaidi ya siku 20, mpelekee mratibu ujumbe saa 2 asubuhi, mara moja tu, usirudie mpaka hali ibadilike. Kila kipande hapo kimelipiwa. “Na ahadi” ni kwa sababu ya robo moja ambayo matumizi yalionekana mepesi huku LPO ya matairi imelala kwa muuzaji. “Siku 20” ni kwa sababu kuvuka asilimia 85 robo ikielekea kwisha ni jambo la heri. Saa 2 asubuhi ni wakati gari halijaondoka. Ujumbe wa saa 10 jioni huwakuta watu na magari wameshafika mwisho wa njia.

Bei nayo ina saa yake. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na bei ya Korogwe si ya Handeni. Jumatano hiyo nami huingia kwenye programu nikabadili kisanduku kimoja. Dakika mbili. Asiyefanya hivyo kanuni zake zote za mafuta huwa zinapima kwa kibaba cha mwezi uliopita.

Nadhani sehemu yenye utamu kuliko zote ni pale kanuni inapoacha kutazama fedha kabisa. Kati ya 2003 na 2008 watafiti waliokuwa wakifuatilia vijiji vya Korogwe, vya bondeni na vya mlimani, waliona malaria ikiporomoka. Habari njema kwa kila mzazi, na kwa mhasibu wa utafiti ni fumbo. Tuseme mradi unatafuta watoto 100 wenye vimelea. Kijiji ambacho katika watoto kumi watano wanavyo, utatumia vipimo vya haraka 200. Vimelea vikishuka mpaka mtoto mmoja katika kumi, utatumia 1,000, na kwa kila kipimo kuna siku ya mhudumu, glovu na safari. Afya ikipanda, gharama ya kumpata mgonjwa mmoja inapanda nayo. Sasa ukiweka kanuni kwenye kasma ya vipimo peke yake, itakaa kimya wiki nyingi, maana bajeti bado nono. Weka badala yake kanuni inayohesabu vipimo vilivyotumika kwa kila mtoto aliyeandikishwa. Hiyo itaona uwiano ukipanda kutoka 2 hadi 4 wakati fedha bado zimejaa, na mtafiti mkuu atapata nafasi ya kuongeza kijiji au kumwandikia mfadhili. Mhasibu hawezi kuibuni kanuni hiyo akiwa mezani. Lazima aende akakae kwenye benchi la zahanati asubuhi moja, atazame vipimo vinavyotoka na mstari mmoja, mmoja baada ya mwingine, mpaka aelewe kwa nini kasha linakwisha.

Mashine zinazojua kusema “basi” si jambo geni. Mwaka 1924 Mjapani Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia nguo ambacho uzi mmoja ukikatika kinasimama chenyewe, nguo isiharibike zaidi. Kwetu huku kwenye mkonge, uliotua pwani hii 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, kazi hiyo iliachiwa sikio la mtu. Mzee aliyezeekea kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, husikia kisu kimechakaa kabla hajaziona singa zenye majani. Ukimuuliza amejuaje, anasema tu imebadilika sauti. Kupanga kanuni, naona mimi, ni kujaribu kuliandika sikio hilo.

Na kuna kanuni zinazomhusu mtu moja kwa moja. Hizi ndizo za kuogopa. Kwetu masurufu ya safari yalitakiwa yarejeshwe ndani ya siku 14, na niliweka kanuni ya ukali wa kijana: siku ya 15, jina la mdaiwa, kiasi na safari, kwa ofisi nzima. Nilijiona fundi. Jina la kwanza kutoka lilikuwa la mwenzetu wa ukusanyaji takwimu, mtu mwaminifu, aliyekuwa Handeni kijijini kwao kwenye matanga ya mama yake. Stakabadhi zote zilikuwa ndani ya begi lake. Aliporudi hakuniambia neno. Alileta bahasha, akaiweka mezani, akatoka, na salamu zake kwa mwezi mzima zilikuwa fupi. Niliifuta kanuni ile siku hiyo hiyo. Mpya inaanza siku ya 10, inamwendea mwenyewe peke yake, na inaanza kwa “Ndugu”. Siku ya 14 inamfikia mratibu, naye anapiga simu kwanza kabla ya kuandika chochote. Madeni hayakuongezeka.

Fedha za kigeni zilinipiga chenga ya aina nyingine. Bajeti ikija kwa dola na posho zikilipwa kwa shilingi, sote tulizoea kuogopa shilingi ikishuka, ingawa kwa anayepokea dola kushuka huko humwongezea. Kanuni yangu ilitazama upande huo tu. Mwishoni mwa 2024 dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,700 ikaanguka hadi karibu 2,400 ndani ya wiki chache, na posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii zikapungukiwa wakati kioo kikionyesha kijani. Mlinzi alikuwa macho, ila ameelekea mlango mmoja. Tangu hapo kila kanuni yangu ya sarafu ina kikomo cha juu na cha chini, na vivyo hivyo kasma zote, maana fedha isiyotumika nayo ni ugonjwa. Robo ya tatu ikifika na mafunzo hayajafanyika, nataka kuambiwa, nisije nikakutana na Juni na vocha za kukimbizana.

Halafu ikaja 20 Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi barani ikapokea barua ya kuacha kazi mara moja. Kasma ziko sawa, uwiano uko sawa, siku zimebaki tele. Hakuna kanuni ya mtu iliyolia.

Mwaka jana nilikabidhi mradi wangu wa mwisho wa Handeni kwa binti aliyemaliza chuo majuzi, mwepesi wa kompyuta kuliko nitakavyokuwa mimi. Baada ya wiki alinipigia. Alikuwa anasafisha mfumo, akakuta kanuni inaitwa “Swali la Mzee”, haijalia miezi kumi, na alitaka kuifuta. “Samahani, kaka, hii ni ya nini?” Kila kanuni ina kisanduku cha maelezo chini, ambacho watu wengi hukiacha kitupu. Nikamwomba akifungue anisomee. Alisoma polepole: usifute, ikilia Aprili, usimtumie dereva barua pepe, mpigie, umuulize njia ya Kwamsisi ikoje, halafu urudi uipunguze hesabu ya safari za wiki hiyo. Chini yake ilikuwa namba ya simu ya mzee.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama namba hiyo bado inapatikana.