Herode na Saa Yake ya Mkono

Mfalme Herode alivaa saa ya mkono. Ndilo jambo la kwanza ambalo wageni huliona wakiishika foto ya babu, na ndilo ambalo mama hataki liguswe. Foto yenyewe haizidi kiganja, kingo zake zimekatwa mawimbi-mawimbi kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Babu amesimama na taji la katoni kichwani, begani shuka lililotiwa madoa ya chui kwa makaa, mkono wa kushoto umelala juu ya mgongo wa kiti. Saa iko kwenye mkono huo. Nyuma pameandikwa kwa wino, kwa mwandiko wa mwalimu: Noeli 1971. Chini yake upo muhuri wa studio, Baraka, Congo. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire tangu Oktoba, lakini mwenye studio alikuwa hajachonga muhuri mpya.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila Noeli wakristo walicheza teatre ya kuzaliwa kwa Yesu, naye akapewa Herode kwa sababu ya sauti yake. Mama anasema watoto wa mtaa walimkimbia hadi mwezi wa pili. Siku ya pili baada ya mchezo babu alikwenda studio na mavazi yake yote, na mama, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyebeba taji.

Habari ya foto ile nimeisikia kwake mara nyingi, na sijawahi kuichoka. Babu aliposimama mbele ya pazia alifanya kama alivyofanya jukwaani: akatoa macho, akakunja uso, akainua mkono wa kuamuru watoto wauawe. Mpiga foto alitazama kwenye kamera, kisha akaiacha. Hakumwambia babu ashushe mkono. Alichukua kitambaa akaanza kufuta lenzi, polepole, huku akimuuliza Mwalimu kama jana usiku mitumbwi ilipata mugebuka. Babu akajibu. Akauliza habari za ndagala, babu akajibu tena. Mkono ukachoka, ukashuka wenyewe, ukapata kiti. Macho yakarudi mahali pake. Hapo ndipo mama aliposikia kamera ikilia, mara moja tu, na mpiga foto akasema, “Asante, Mwalimu, imekwisha.”

Kwa hiyo waliomo mle ndani ni wawili, mfalme mwenye taji na mwalimu anayefikiria samaki, na saa ni ya huyo wa pili. Mimi naona kazi nzima ya ufundi ule ilifanyika kabla ya kamera kulia.

Watu husema foto ya studio ni uongo, kwa kuwa mtu amevaa vizuri, amesimama vizuri, wakati mwingine ameazimwa koti na viatu. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayekwenda studio amekwenda na shauri lake, amechagua aonekane nani, na kuchagua huko ni sehemu ya ukweli wake. Kazi ya fundi ni kulipokea shauri hilo kwa heshima, kisha kumngojea mwenyewe afike nyuma yake.

Waliowahi kuwapiga foto waigizaji na waandishi waliijua kazi hiyo mapema. Karibu mwaka 1864, mjini Paris, mpiga foto Nadar alimpokea Sarah Bernhardt, mwigizaji kijana ambaye alikuwa bado hajapata jina kubwa. Hakumpiga na mavazi ya jukwaani. Alimzungushia kitambaa kizito mabegani, akamwegemeza kwenye nguzo, akamwacha atazame pembeni. Jukwaa lote limebaki shingoni na machoni. Miaka kama kumi na mitatu kabla yake, Anastas Jovanović, Mserbia wa kwanza kushika kazi hii, alipata sura ya mshairi Petar Njegoš, mtawala wa Montenegro. Ilikuwa 1851. Mwaka huohuo Njegoš akafariki. Wanaomsoma leo wana uso wa kumweka nyuma ya maneno yake, kwa sababu mtu mmoja aliwahi.

Kwetu huku jukwaa limekuwa la wanamuziki zaidi. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 alipooa, akahamia Kinshasa akafungua studio, na mwaka 1954 mwanamuziki Franco akamchagua awe mpiga foto wake. Franco alikuwa bado kijana. Bendi yake, OK Jazz, ilikuja mwaka 1956. Tunapomkumbuka na gitaa lake wakati ule, tunamkumbuka kwa jicho la Depara. Na Unguja, mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuitia sauti yake kwenye sahani za santuri. Mji wake ulikuwa na mafundi wa picha tangu zamani, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua hapo Capital Art Studio. Mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti. Siti amebaki kwa njia tatu, sauti, maneno na sura, na kila njia ilihitaji mikono ya fundi wake.

Lakini nirudi Baraka, maana kuna sehemu ya kazi ile ambayo haisifiwi: maji.

Foto ya wakati ule ilitokea kwenye karatasi yenye chembe za fedha. Fundi aliitia kwenye dawa ya kwanza sura ikatoka, kisha kwenye dawa ya kukaza ili mwanga usiiharibu tena. Dawa hii ya pili ndiyo adui anayebaki nyumbani. Isipooshwa yote ikaisha, huendelea kuila fedha kimyakimya. Baada ya miaka uso unageuka manjano, halafu kahawia, halafu unapotea. Kuosha vizuri kunachukua muda mrefu kuliko kupiga, na mteja haoni tofauti siku anapokuja kuchukua foto yake. Anayetaka kumdhulumu anaweza, na mteja atakuja kujua wakati fundi amekwisha kuzikwa.

Tena Baraka kuna joto. Dawa ya kusafishia foto inapenda maji ya nyuzi 20 hivi, na maji ya ziwa letu mara nyingi yanapita 25. Karatasi inalainika, sura inavimba na kuchubuka. Fundi wetu alifanya kazi usiku. Maji aliyaweka kwenye mitungi ya udongo tangu jioni ili yapoe, na mama anakumbuka mitungi hiyo imepangwa ukutani kama ya mahali pa kuuzia pombe. Foto ya babu ina zaidi ya miaka 50. Nyeupe yake ni nyeupe bado. Kovu la shavuni linaonekana, kwa sababu fundi hakulifuta kwa ncha ya penseli kwenye negativu, kama wengi walivyofanya ili kumfurahisha mteja. Kila ninapoishika naona kazi ya usiku mmoja wa mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimsimamia.

Mwaka 1996 vita ilipofika, watu wa kwetu, Fizi na Baraka, walivuka ziwa kwenda Kigoma kwa mitumbwi, na wengi wakaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Mama alifunga vitu vitatu ndani ya mfuko mmoja wa plastiki: kadi ya ubatizo, cheti chake cha shule, na Herode. Albamu ya foto za arusi ilibaki juu ya kabati. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuchukua arusi yake. Alisema kwenye zile foto za arusi kila mtu ametabasamu kwa kuambiwa.

Dunia ina foto zake za Fizi. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa hilihili kutoka Kigoma, akakaa milimani kwetu hadi Novemba, na foto za miezi hiyo zimechapwa katika vitabu vya lugha nyingi. Ninazitazama kwa makini kila ninapozipata. Yeye ana jina. Watu wetu waliosimama kando yake, mara nyingi, hawana, na hakuna aliyewangojea mkono uchoke. Ndiyo maana nazithamini studio ndogo za vijiji vya ziwani, zilizokuwa na pazia moja lililochorwa minazi, kiti kimoja na maua ya plastiki. Huko ndiko watu wa Fizi walikoingia wakiwa na majina yao, wakalipa, wakasema wanataka waonekane vipi.

Mwaka jana tulimpeleka Herode kwa kijana mmoja karibu na soko la Baraka, mwenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala. Alifanya kazi safi. Alipoikuza kwenye kioo cha kompyuta akaelekeza kidole kwenye mkono wa babu.

“Mama, hii saa niitoe? Ni dakika mbili tu.”

“Iache, mwanangu.”

Kisha mama akataka apigwe foto yeye mwenyewe, ameshika ile ya baba yake. Akakaa, akaweka kitenge sawa, akainua kidevu. Kijana aliinua simu, akapiga tatu, nne, tano kabla mama hajapumua.

“Bado,” mama akamwambia.

Akapiga nyingine.

“Bado, mwanangu. Niulize kwanza habari za ziwa.”

Kijana akanitazama mimi, kisha akashusha simu. Akavuta stuli akakaa. Nje walikuwa wakipitisha beseni za ndagala, na akamuuliza mama kama zamani zilikuwa kubwa kuliko hizi.