Kuitambua Petroli Iliyolala: Mwongozo kwa Wenye Mashine za Boti

Petroli iliyolala ni ile iliyokaa katika dumu au tangi kwa miezi kadhaa tangu itoke kituoni, na katika pwani ya Afrika Mashariki hali hiyo hujirudia kila mwaka, kwa kuwa kusi inapokaza boti nyingi ndogo hupandishwa ufukoni, mashine hufunguliwa tezini na kuwekwa ghalani, na mafuta yaliyosalia hubaki yalipo hadi bahari itulie. Wengi huyapima mafuta hayo kwa kuvuta kamba na kusikiliza kama mashine itawaka, lakini kipimo hicho ni dhaifu kuliko vyote.

Udhaifu huo unatokana na umbile la petroli yenyewe. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, yaani viungo vya kaboni na haidrojeni, ambavyo vyepesi vyake huanza kuchemka karibu na nyuzi 35 za Selsiasi na vizito hungoja hadi karibu na nyuzi 200. Vile vyepesi ndivyo vinavyoiwasha mashine iliyo baridi, na ndivyo vinavyotangulia kupaa dumu lisipofungwa barabara. Kwa hiyo mashine inayogoma huonyesha kwamba vyepesi vimepungua, ilhali mashine inayowaka haijasema lolote kuhusu madhara ya pili ya kulala, ambayo ndiyo makubwa zaidi, nayo ni ulimbo.

Ulimbo, yaani utomvu unaonata, huzaliwa pale baadhi ya viungo vya petroli, hasa vile viitwavyo olefini, vinaposhikana na oksijeni ya hewa iliyo juu ya mafuta. Joto huharakisha jambo hilo, na shaba vilevile, ndiyo maana dumu lililojaa nusu na kuachwa juani huchakaza petroli upesi kuliko lililojazwa karibu na shingo, likaachiwa nafasi ndogo ya kutanukia na kuwekwa kivulini. Petroli isiyo na ethanoli, ikitunzwa hivyo, kwa kawaida huaminika kwa miezi 3 hadi 6, ingawa anayehesabu miezi tu bila kuyachunguza mafuta yenyewe bado hajajua anachokitia katika tangi.

Hatari ya ulimbo ni kubwa mno katika mashine ya mipigo miwili, ambayo kwa kawaida haina hifadhi ya oili chini ya injini, bali hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Jeti, yaani kitundu chembamba cha kabureta kinachopima mafuta, ikizibwa kidogo tu, silinda hupata hewa nyingi na petroli kidogo, joto hupanda, na kwa kuwa oili husafiri pamoja na petroli, ulainishaji nao hupungua wakati uleule unapohitajika zaidi. Pistoni hukwaruza ukuta wa silinda na huweza kukwama, na jambo hilo hutokea zaidi mashine inapokazwa ikiwa na mzigo, yaani mbali na nchi kavu.

Mjuzi huanza kwa pua. Petroli mpya ina harufu kali inayopanda mara moja, na iliyochacha huwa nzito, yenye uchachu unaokaribia ule wa vanishi. Pua, hata hivyo, huzoea upesi, hivyo yafaa harufu ilinganishwe na ya petroli iliyonunuliwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo mafuta hutiwa katika chupa nyeupe ya kioo na kutazamwa dhidi ya mwanga: yanayokaribia rangi ya sandarusi yanatia shaka, ila rangi peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu petroli nyingine hutiwa rangi kiwandani, na oili ya kuchanganyia nayo ina rangi yake.

Shahidi bora ni masalia. Matone machache yakidondoshwa juu ya kioo safi, mahali penye hewa na mbali na moto, petroli nzima hupaa bila kuacha alama ya maana, na iliyoharibika huacha pete ya manjano inayonata kidoleni. Iliyochanganywa oili huacha unyevu kwa vyovyote, lakini oili huteleza na ulimbo hushika, na tofauti hiyo kidole huijua haraka. Maabara hufanya kazi hiyohiyo kwa hewa ya moto na mizani, na kiwango cha Ulaya, EN 228, hakiruhusu zaidi ya miligramu 5 za ulimbo katika mililita 100.

Mchanganyiko wa oili una hesabu yake pia: lita 25 zilizotiwa nusu lita ya oili, kwa uwiano wa 50 kwa 1, zikipoteza lita 5 kwa kupaa hubaki na uwiano wa 40 kwa 1, na plagi huanza kulowa. Ni heri petroli ihifadhiwe peke yake na oili itiwe siku ya safari.

Maji nayo hutuama chini ya chupa na huonekana kwa urahisi, isipokuwa petroli ikiwa na ethanoli, kama ile ya Malawi, nchi iliyoanza kuchanganya mwaka 1982, ambayo huweza kufika kwenye boti za Ziwa Nyasa. Ethanoli huyameza maji hadi kikomo, kisha hujitenga pamoja nayo na kuzama, na mafuta yanayobaki juu hupungukiwa na okteni, yaani uwezo wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli ya namna hiyo haifai hata ikitikiswa.

Iliyofaulu kioo lakini ikapungua ukali wa harufu huweza kuokolewa kwa kuchanganya sehemu moja yake na tatu au zaidi za petroli mpya, baada ya kuchujwa, ilhali iliyoacha pete ya kunata haistahili kuokolewa, wala dawa za kuhifadhi petroli haziirudishi, kwa kuwa hizo hufanya kazi zikitiwa ikiwa bado mpya. Mchanganyiko huo ujaribiwe kwanza karibu na ufuko, chombo kikiwa na mzigo mdogo, kisha plagi ifunguliwe: ya kahawia hafifu inaruhusu safari, na iliyopauka kuwa nyeupe inaonya kwamba silinda imepata mafuta pungufu, hivyo kabureta lazima ifunguliwe na jeti zake zisafishwe kabla mashine haijawashwa tena.